Mtunza Maabara na Mkia wa Samaki

Mtunza maabara wa shule yetu hapa Nengo ni mtu mnene, lakini vidole vyake ni vyepesi ajabu. Kila anapomlaza samaki mdogo wa ziwani chini ya hadubini, humfunika kwa pamba iliyolowa, akabakiza mkia tu, kisha humnong'oneza, "Pole, dakika mbili tu." Kwenye mkia huo mwembamba unaona seli za damu zikipita ndani ya vishipa, moja moja. Jana nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, na tangu Jumatatu sikuwa nawaza kitu kingine. Zamu yangu ilipofika, alichungulia kwanza yeye, akaguna. "Damu iko inatembea polepole. Samaki amechoka." Akamrudisha kwenye beseni, akangoja mpaka mapezi yalipocheza. Mimi nilikuwa karibu kulia. "Bon, Shyaka, we tazama mi," akasema. Akaenda kwenye upenyo kati ya kabati na ukuta, akavuta tumbo ndani, akakunja mabega, akajisukuma taratibu, koti lake jeupe likikwaruza chokaa, hadi akatokea upande wa pili na kujinyoosha. "Seli inapita hivi." Nikamwomba arudie. Akavuta tumbo tena, akapita.