Kumfuata Anti kwa Nduthi

Tulipofika Kericho sikuwa na makalio tena. Kulikuwa na kitu fulani huko nyuma, lakini hakikuwa changu na hakikuwa kinasikia. Mjomba alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akavua helmeti, akanyoosha mkono kuelekea mashamba ya chai kana kwamba ameyapanda yeye mwenyewe jana.

"Na hapa je? Atapenda?"

"Atapenda, Anko. Twende."

"Hata hujaangalia!"

"Nimeangalia. Ni kijani. Twende."

Alikuwa ameniuliza hivyo tangu asubuhi. Aliuliza pale juu ya Bonde la Ufa, malori yakitupulizia moshi usoni. Aliuliza Naivasha, punda milia wakila nyasi kando ya lami kama mbuzi wa mitaani Nairobi. Nakuru aliuliza kwenye kituo cha petroli, eti kwa sababu kilikuwa na maua.

Aliyetakiwa kupenda ni anti, mke wake. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amefunga begi pale kwao Lucky Summer, Nairobi, na kurudi kwa wazazi wake, upande wa Kakamega. Hakupigwa, hakunyimwa chakula. Alichoka tu. Alimwambia mjomba, miaka kumi na moja nimeolewa na dereva, na mimi hata Naivasha sijawahi kuiona. Mjomba alikuwa ameendesha matatu Jogoo Road miaka tisa, kwenda na kurudi, kabla ya kuhamia nduthi, pikipiki ya abiria. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa huu: aende amwombe arudi, na akikubali amlete Nairobi kwa pikipiki, polepole, wakisimama kila mahali pazuri. Mimi nilikuwa wa kupima njia. Makalio yangu yalikuwa ya majaribio.

Kwetu mwanamume haendi kwa wakwe peke yake kuomba kitu kama hicho. Lazima awe na mtu wa kumsemea. Marafiki zake wa steji ya pikipiki aliowaomba walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Ndipo akaja kwetu Buruburu kumlilia mama, ambaye ni dada yake. Mama alikuwa ndio kwanza amemaliza kusoma ripoti yangu ya kidato cha tatu, ambamo mwalimu wa darasa aliandika kwamba ninaongea kupita kiasi. Akaninyooshea kidole.

"Huyu hapa. Mdomo anao."

Basi nikapandishwa. Upepo ulikuwa mkali hata hatusikiani, tukaelewana kwa kugonga, kama makanga wa matatu anavyogonga bodi ya gari. Nikimgonga helmeti mara moja, asimame. Mara mbili, aende. Mwanzoni niliugeuza mchezo, nikawa ninamsimamisha kila baada ya kilomita mbili ili nimwulize kama ana njaa. Kufika Nakuru sikuwa na nguvu hata za utundu.

Tulilala Kericho. Siku ya pili, saa sita mchana, tukafika kwa wakwe. Geti la mabati, limerudishwa tu. Mjomba hakuzima injini.

"Shuka ubishe hodi," akasema.

Sikutaka kushuka, kwa sababu niliogopa sitaweza kusimama. Nikanyoosha mkono nikiwa hapohapo kwenye kiti, nikagonga mabati. Ngo, ngo.

Mara mbili.

Miaka tisa ya Jogoo Road haikungoja akili. Mkono wa mjomba ukavuta mafuta, gurudumu likasukuma geti, tukaingia uani kwa kasi moja kwa moja hadi juu ya turubai la mahindi yaliyoanikwa. Punje zikateleza chini ya matairi, pikipiki ikalala ubavu, na sisi tukalala nayo.

Mama mkwe alikuwa ameinama akigeuza mahindi. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani. Hawapeani mkono, wanasalimiana wakiwa mbali. Kwa hiyo mama huyu hakuikimbia pikipiki, aliikimbia aibu. Alijifunika leso kichwani akapotelea jikoni. Mjomba naye akainuka haraka, akaligeuzia jiko mgongo, akaisalimu migomba.

"Hamjambo, mama?"

"Hatujambo," sauti ikatoka jikoni. "Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Na mahindi?"

"Mahindi yameumia kidogo."

Anti akatoka ndani ya nyumba. Hakucheka. Alinitazama mimi, vumbi tupu, nimekaa chini.

"Ni wewe wametuma?"

"Ni mimi, anti."

"Haya, sema."

Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima, yenye vichekesho vitatu. Sikukumbuka hata kimoja.

"Anti, nimechoka. Huyu mtu anasimama kila mahali. Kila mahali anauliza kama utapenda, hata kwenye kituo cha petroli. Bonde la Ufa ni malori. Naivasha ni upepo. Kericho ndio mahali. Lakini kile kiti ni kibaya, usidanganywe."

Anti akamgeukia mjomba.

"Na kwa nini hukunipeleka siku zote hizo?"

Mjomba alijibu akiwa bado ametazama migomba. "Mimi nilikuwa nimechoka na barabara. Nikadhani kila mtu amechoka nayo."

Anti akaanza kuokota punje kwenye mkono wa jaketi la mjomba, moja moja, akizirudisha kwenye turubai.

"Kesho utanipeleka mpaka Kericho," akasema mwishowe. "Nikifika hapo nitajua. Nikikwambia geuza, unageuza."

"Sawa."

Asubuhi waliondoka. Anti alifunga mto wa kochi juu ya kile kiti, akapanda bila mzigo wowote. Mimi nikabaki na bibi, mama yake anti, tukichagua mawe katika mahindi, simu yake ikiwa kwenye mfuko wa aproni.

"Bibi, unataka arudi Nairobi ama akae?"

"Chagua mahindi."

Simu ililia baada ya chakula cha mchana. Bibi akanipa mimi. Kulikuwa na upepo mwingi.

"Tuko hapa kwenye chai," anti akasema. "Mjomba wako amelala kwenye nyasi."

"Ni kuzuri?"

"Ni baridi." Nilimsikia akipuliza vidole. "Lile begi langu la bluu liko chini ya kitanda. Ukipanda basi kesho, njoo nalo Nairobi."

Nilipogeuka, kabla sijasema neno, bibi alikuwa ameshalitoa begi na kulifungua. Juu ya nguo alikuwa anashindilia njugu, halafu ndizi mbichi, halafu njugu tena. Akafunga zipu kwa goti. Nikajaribu kulinyanyua. Likakataa.