Bango la Mzee Mashimba

Anayesema Rebeka alimchuria baba yake, aje aniambie mimi Sabina usoni. Cherehani yangu iko mlango wa pili kutoka kibanda chake hapa Mabatini, na siku ile nilikuwepo.

Rebeka alikuwa anatengeneza mabango: ya harusi, ya vinyozi, ila zaidi ya misiba. Alijifunza kwa kuangalia wenzake tu. Kisha akapata nafasi ya kusoma shahada ya usanifu wa michoro Dar, mkopo akakosa. Ada ikabaki kwa baba yake, Mzee Mashimba wa Mkolani, mwenye ng'ombe Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Mzee akawa haishi kuja kibandani kupiga hesabu.

"Nimalize zizi langu, halafu ukihitimu ulipwe nini? Yule kijana mwenye shahada si anakuja hapa kukuomba kazi ya kukata stika?"

Kweli alikuwa anakuja, siwezi kudanganya.

"Baba, hapa nanakili vya watu," Rebeka akajibu. "Nikiletewa kazi ya kiwanda sijui hata pa kuanzia, na hizo ndizo zinazolipa."

Mzee akacheka. "Haya, nitengenezee bango la msiba wangu. Nikijiona humo, basi shule umeshasoma, ng'ombe wanabaki."

"Mzee, huo ni uchuro!" nikamwambia. Akaniambia nishone nguo zangu.

Uone mtego huo! Akilitengeneza vizuri, chuo hakuna. Akiliharibu, kajiaibisha mwenyewe. Mzee akavuka kwenda kuangalia mifugo, na Rebeka, kwa hasira, akalifanya vizuri. Kama ilivyo kawaida ya kazi yao, alichukua bango la marehemu mwingine, akatoa sura, akaweka ya baba yake. Kwenye tarehe ya kufariki, mkono kwa mazoea ukajaza ya siku ile ile. Akachapa, akalitundika nje wino ukauke, akaenda kutafuta chakula.

Toba! Ile sura ilikuwa na macho mapole, na Mzee Mashimba sijawahi kumwona na macho mapole hata siku moja. Mteja wangu mmoja akaliambia bango "shikamoo", kisha akajiziba mdomo. Nikashindwa kulitazama. Nikageuza kiti, nikaendelea kushona.

Rebeka aliporudi, watu walikuwa wamejaa mlangoni, wamelipiga picha na kuituma, na Mkolani walishaanza kulia.

"Yuko hai jamani!" akapiga kelele. Wakamshika, wakamwagia maji, maana mfiwa ndivyo anavyosema siku zote. Akampigia baba yake. Hapatikani. Akarudia. Hapatikani. Akanigeukia: "Dada Sabina, nani aliniambia niandike tarehe ya leo?"

Nakiri wakati ule hata mimi niliamini mzee amekufa.

Tulipofika Mkolani turubai lilishafungwa, na bango walilolibeba kutoka kibandani wakalitundika mbele. Mama yake Rebeka, Bernadeta, alikuwa chini akiomboleza: "Mashimba weee! Ng'ombe wako wanakunywa maji ziwani, wewe uko wapi? Umewaachia majani, mwanao umemwachia nini?"

Wanawake wakaitikia. Jua lilikuwa linazama. Nilipoinua macho nikamwona Mzee Mashimba amesimama nje ya uzio, viatu vimelowa, ametulia kabisa. Sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani.

Watoto walikimbia kwanza, kisha watu wazima. Mzee mmoja akabaki na fimbo yake. "Kama wewe si msukule, toa ulimi." Kwetu inajulikana, aliyechukuliwa na wachawi hukatwa ulimi asiseme.

Mashimba akatoa ulimi. Ulikuwepo wote. Hata hivyo hakuna aliyemsogelea, hata mkewe.

Akaenda mbele ya bango, akalitazama sana. "Rebeka, mimi nina macho haya?"

"Unayo, baba," akajibu huku analia. "Hiyo picha nilikupiga kule Kamanga. Ndivyo unavyowatazama ng'ombe."

Mzee akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Moyo uliniuma, na mimi si mtu wa kumhurumia yule mzee.

Juma lile lile akaanza kuuza. Mnadani watu walishasikia habari zake, hawakutaka kupokea kamba ya ng'ombe mkononi mwake. Alikuwa anaiweka chini, anarudi nyuma, ndipo mnunuzi anaiokota. Bei wakamvunjia, ikabidi auze wote. Rebeka sasa yuko chuo.

Juzi Mzee Mashimba alipita hapa, nikamchokoza: "Mzee, ile hesabu ya shahada imekaaje? Italipa?"

"Sijui kama italipa," akasema. "Ila nimeshaliliwa ng'ombe wakiwa zizini, Sabina. Sitaki kuliliwa vile tena."