Motoka ya Mkunga Iliyokawia Kuwaka

Nilijifunza ufundi wa magari hapa Kolwezi kwenye injini za kabureta, na miaka ile ya Zaïre nilikuwa na jina kidogo. Kabureta unaifungua, unaisafisha, unaona kwa macho yako kilichoharibika. Halafu mkunga wa materinite, nyumba ya kuzalia ya mtaa wetu, akanunua motoka kuukuu ya Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nilipoinua boneti sikuona kabureta. Niliona mipira membamba ya petroli, esansi kama tunavyosema hapa, nyaya nyingi, na kisanduku cha chuma ambacho sikujua kazi yake. Ilikuwa motoka ya injeksio, inayosukumiwa esansi kwa pompi ya umeme, ya kwanza kuletwa kwangu.

“Inawaka, tata,” mkunga aliniambia. “Lakini asubui inakawia. Inazunguka, inazunguka, kisha ndiyo inashika.”

“Na muchana?”

“Muchana unagusa tu ufunguo.”

Niliitikia kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba sikuelewa hata kidogo. Nilijaribu batri nyingine, nikabadilisha buji zote, zile plagi za kutoa cheche, nikafungua demarere, mota inayozungusha injini, na kuisafisha mpaka ikang’aa. Kila nilipomaliza ilikuwa adhuhuri, motoka iliwaka mara moja, na mimi nikajisifu. Kesho yake asubuhi mkunga alipita garajini kwa miguu na kutikisa kichwa kutoka mbali. Mbele yangu motoka ile ilikuwa na adabu. Nyumbani kwake ilikuwa kitu kingine.

Siku moja alfajiri mkunga aliitwa kule Mutoshi, nje ya mji, kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Akazungusha injini mpaka batri ikaisha. Alifika kule amebebwa kwenye baiskeli, na mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa mikononi mwa nyanya yake. Wote walikuwa wazima. Mkunga alirudi moja kwa moja garajini kwangu, viatu vimejaa vumbi.

“Leo Mungu alisaidia,” alisema. “Kama hujue, tata, sema tu hujue.”

Niliona haya. Nikamwambia, “Mama, mi sijue. Lakini kesho nakuja kwako, niione inavyokataa.”

Nilifika jua likichomoza. Aliwasha, injini ikazunguka bila kushika. Akafunga ufunguo, akafungua tena, na safari hii nikainua mkono asubiri. Nyuma, karibu na tanki, nilisikia mngurumo mfupi, kama nyuki ndani ya kopo, kisha kimya. Ilikuwa pompi ya esansi. Nikamwambia afunge na kufungua mara tatu bila kuzungusha injini. Mara tatu nyuki akalia. Mara ya nne alipozungusha, motoka iliwaka papo hapo.

Tulitazamana. Yeye alicheka, mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Kwa nini pompi ifanye kazi mara tatu ndipo injini ipate esansi, wakati mchana haihitaji hata moja?

“Pengine usiku esansi inatoka mu mipira,” nilisema, nikiwaza kwa sauti. “Lakini inaenda wapi? Chini hakuna hata tone.”

Mkunga alifikiri. “Mupira ya serum, ya kutia mugonjwa maji mu mushipa, tukitaka maji isipite, tunabana. Na wewe bana, uone.”

Akaniletea pensi mbili kuukuu za materinite, zile za kubania kitovu cha mtoto. Jioni ile, mara tu alipozima injini, nilibana mpira unaorudisha esansi kwenye tanki, maana nilidhani ndiko inakokimbilia. Asubuhi nikaondoa pensi, akawasha, ikakawia vilevile. Nilikaa chini pale uani. Jioni ya pili nilibana mpira mwingine, ule unaotoka kwenye pompi kwenda mbele. Sikuwa na sababu nzuri. Ulikuwa ndio mpira uliobaki. Asubuhi nikaondoa pensi, akagusa ufunguo, na injini ikashika kabla sijasimama wima.

Basi esansi ilikuwa inarudi nyuma kupitia ndani ya pompi yenyewe. Kuna kilango kidogo mle cha kuizuia isirudi, na kilango hicho kilikuwa kimechoka. Pompi ilikuwa imezibwa kiwandani, haifunguki. Nilipanda lori hadi Fungurume, ambako niliambiwa kuna motoka nyingine ya aina ile, imepinduka, nikarudi na pompi yake nimeikumbatia kama mgonjwa. Nikaifunga. Kuanzia siku ile mkunga alipiga honi kila asubuhi akipita garajini.

Isipokuwa asubuhi moja ya baridi, mwezi wa sita. Alikuja kwa miguu, akasimama mlangoni.

“Imefanya tena,” alisema.

Nilikimbia na vyombo vyangu. Nilipofika, iliwaka mara moja. Nikabana mipira, nikasikiliza pompi, nikalala chini ya tanki mpaka mgongo ukauma. Sikuona chochote. Haikurudia tena mpaka alipohamishiwa Dilolo na kuondoka nayo.

Mafundi vijana wakiniuliza habari za injeksio, nawaeleza kuhusu kile kilango bila wasiwasi. Kuhusu asubuhi ile ya baridi nawaambia nilivyomwambia mkunga: mi sijue.