Karai la Sabuni Mlangoni kwa Abdirizak

Qabale hakuwa na ukoma. Hakuwa na upele, hakuwa na ugonjwa wa ng'ombe, wala hakuwa mchafu. Nayasema haya mapema kwa sababu Garsen nzima ilisema kinyume, na wengi wao mpaka leo hawajaona aibu.

Alikuwa mwanamke wa Kiorma, muuza maziwa. Mimi Mwanaarusi, Mpokomo wa Kulesa, niliuza ndizi pembeni yake, mbele ya hoteli ya chai ya Abdirizak. Tulikaa pale bega kwa bega miaka mingi, kwa hiyo niliijua mikono yake kuliko hao walioinyooshea vidole. Kila Juni, baridi ikiingia na upepo ukivuma kutoka mbugani, ngozi yake ilikauka, ikawasha, ikapasuka kwenye viungo vya vidole. Ni ukurutu, basi. Alikuwa nao tangu utotoni na alijua namna ya kuishi nao. Jioni alijipaka samli mikono ikiwa bado na unyevu, akaifunga kwa kitambaa cha pamba. Kazi ya kusugua vibuyu kwa majivu alimwachia wifi yake, Hodan. Baridi ikipita, ngozi ilirudi.

Mwaka wa tisini na nane mambo yakaharibika. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yameondoka na kutuachia homa iliyoua mifugo, na watu wakawa waoga wa chochote kinachotoka kwa ng'ombe. Wario, mume wa Qabale, alibakiwa na ng'ombe wachache tu, na watoto wao, Halkano na wadogo zake, walikula kwa maziwa yale. Asubuhi moja ya baridi, mteja akaona damu kwenye kidole cha Qabale alipokuwa akipima. Alipiga ukelele utadhani amekanyaga nyoka. Kufikia adhuhuri, soko zima lilikuwa limeshaamua ni ugonjwa gani.

Abdirizak ndiye aliyenunua sehemu kubwa ya maziwa yake. Kesho yake tulimkuta ameweka karai la maji mlangoni, na pakiti ya sabuni ya unga.

"Mama Halkano, mimi sina neno nawe," alisema. "Lakini wateja wanataka kuona. Osha hapa, mbele ya watu."

Ilikuwa sabuni ile ya kufulia mashuka! Qabale akaosha. Aliyekuja baadaye akasema yeye hakuona, basi Qabale akaosha tena. Wanunuzi wengine nao wakajifunza ufidhuli huohuo; kila mmoja akataka aoneshwe yeye mwenyewe, na wengine wakamwamrisha asugue kwa nguvu. Siku baada ya siku ikawa hivyo. Samli aliyopaka jioni iliondolewa asubuhi mbele ya macho yangu. Mikono ikavimba, ikaanza kutoa maji. Na wao, bila haya, wakasema, "Mwaona? Anaosha kutwa na bado yazidi. Huo ni ugonjwa." Akili gani hiyo? Unamchoma mtu kwa kaa la moto, halafu unamlaumu kwa malengelenge!

Nilimsihi aende hospitali kule Ngao, akaenda. Daktari akamwambia ni ukurutu, hauambukizi. Aepuke sabuni kali, aoshe kwa maji ya uvuguvugu tu, apake mafuta mara moja kabla ngozi haijakauka. Yaani alimwagiza afanye yaleyale aliyokuwa akifanya kabla ya watu kumwingilia. Akarudi na furaha, akamweleza Abdirizak.

"Daktari hanywi chai hapa," Abdirizak akamjibu.

"Mimi nasema kweli, ndugu. Hii mkono iko hivi tangu mimi mtoto. Mume yangu hana, watoto yangu hawana. Ingekuwa inashika mtu, si ingeshika wao?"

"Osha tu, mama."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikamnyooshea kidole Charo, mpishi wake, aliyekuwa akikanda unga ndani.

"Na huyu je? Sasa hivi nimemwona akijikuna kwapa, akarudi kwenye unga. Karai lake liko wapi?"

Wateja wakacheka. Charo naye akacheka, mkono bado umo ndani ya unga. "Charo hana vidonda," Abdirizak akasema, na watu wakaendelea kula chapati zao.

Siku chache baadaye Qabale aliniambia vidole havikunjiki. Ng'ombe alikuwa amempiga teke kwa sababu ya kukamuliwa kwa kusitasita, na Wario alikuwa ameanza kusema ng'ombe wasio na mkamuaji ni afadhali wauzwe. Alisema haya akiangalia chini. Wakiuzwa, hakuna tena maziwa, wala chakula cha watoto.

Asubuhi iliyofuata, Hodan ndiye aliyekuja na kibuyu, kana kwamba amekamua yeye. Qabale alibaki nyumbani. Ng'ombe ni walewale, kibuyu ni kilekile, na aliyekamua ni Qabale, polepole, kwa vidole vilivyopakwa samli. Abdirizak akaitazama mikono laini ya Hodan, akaonja, akapiga ulimi.

"Haya ndiyo maziwa," alitangaza. "Usafi una ladha yake."

Hodan alinitazama kwa macho ya kunisihi ninyamaze. Nikainamia ndizi zangu. Kila asubuhi msimu wote ule wa baridi nilimsikia mtu yule akiyasifu maziwa ya mikono aliyoikimbia, huku akijiona mjuzi.

Kule nyumbani, bila sabuni na bila watazamaji, mikono ya Qabale ikapona. Baridi ilikuwa bado haijaisha. Mnamo Septemba akarudi mahali pake pembeni yangu, ngozi imefunga, vidole vinakunjika vizuri. Abdirizak akatoka hotelini, akaigeuza mikono ile mbele ya watu kana kwamba anakagua mbuzi mnadani.

"Mwaona sasa?" akasema kwa sauti kubwa. "Mlisema nina roho mbaya. Sabuni yangu imemponya!"

Watu wakamsifu. Wallahi, wakamsifu! Mmoja akampa mkono wa pongezi. Nikainuka nimwage yote: ni nani aliyekamua, ni maziwa ya nani waliyokunywa wakijilamba midomo. Qabale akanishika kifundo cha mkono, akanivuta chini.

"Wacha, dada," akaninong'oneza.

"Niache vipi? Anajisifu kwa jeraha alilokutia mwenyewe!"

"Baridi itarudi mwaka ujao. Ukisema, Hodan akija tena badala yangu, atasema ni maziwa ya nani?"

Akamgeukia Abdirizak, akamshukuru kwa sabuni, akaanza kumpimia maziwa.