Ufunguo wa Kwenye Sabuni

Mjomba wangu ni fundi kufuli. Kibanda chake ni chembamba, tupa za kuchongea funguo zimening'inia ukutani. Mtaani wanamwita Mkaidi, kwa kuwa hachongi ufunguo mpaka mwenye mlango asimame mbele yake. Ukimlilia, atakwambia, "Hata mwizi hulia," huku anapuliza unga wa chuma.

Niliacha shule darasa la tano, nikakaa naye. Nilimwamini kuliko mtu yeyote.

Dada yangu aliolewa na dereva wa lori. Shemeji akisafiri, anamfungia ndani siku tatu, nne. Siku moja dada alinipitishia dirishani kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo. Aliukandamiza humo shemeji akiwa anaoga.

"Mpe Mjomba. Mjomba peke yake."

Mjomba aliigeuzageuza. "Hii kazi ya wezi."

"Ni dada, Mjomba."

"Najua. Mlango ni wa nani?"

Nikadhani ananitania. Kumbe jioni shemeji aliporudi safari, Mjomba alimfuata akamweleza yote, eti amwombe ruhusa kiungwana. Shemeji alicheka. "Mzee, wewe ni mtu wa haki."

Kesho yake mlango ulikuwa na makufuli mawili, dirisha limepigwa mbao, lori limeondoka. Nikaita. Dada aliongea kama mtu aliyevimba mdomo.

"Sabuni ulimpa nani?"

Nilimpelekea Mjomba maneno hayohayo, sikuongeza chumvi. Tupa ikasimama mkononi.

"Nilitaka kutenda haki."

"Umetenda. Aliyepigwa ni dada."

Aliiweka tupa chini. Halafu akaniuliza, kama vile mimi ndiye mkubwa, "Anayelala humo ndani, naye si mwenye mlango?"

Alibeba nyundo na patasi mpaka kwa dada mchana kweupe, majirani wakatoka kutazama. Akapiga hodi.

"Mwenye mlango yupo?"

Dada akasema kutoka ndani, "Nipo."

"Nivunje?"

"Vunja."

"Mkaidi leo kawa mwizi!" jirani mmoja akapiga kelele.

"Mwizi hapigi hodi," akajibu, bila kugeuka.

Dada alitoka na kifurushi chake. Alimpita Mjomba bila hata shikamoo. Mimi alinishika mkono, akauachia upesi.

Sasa anaishi mbali. Akinipigia simu, Mjomba huuliza kama ametajwa. Ningeweza kumdanganya, mzee wa watu apate usingizi. Namwambia hapana.