Picha Moja ya Nasimiyu na Mkwewe

Mukonyo aliingia dukani akiwa na mtoto mgongoni, kamera kifuani na begi la nepi begani, akasema anataka stendi ya kamera nyepesi kuliko zote. Makau, aliyekuwa akiuza vifaa vya picha katika kibanda cha vioo ndani ya jengo moja la katikati ya jiji, alimtazama, akautazama na mzigo wake, kisha akamletea stendi nzito kuliko zote.

Alimhakikishia kwamba hiyo haitikisiki hata lori likipita. Wapiga picha wawili waliokuwa wakisubiri kamera zao zitengenezwe wakaunga mkono. Stendi nyepesi ni mwanasesere, wakasema, ukitoka nayo nje upepo unaibeba. Mukonyo hakubishana nao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hao wawili walikuwa na funguo za gari mkononi. Yeye kazi zake alizifuata kwa miguu. Anatoka Kabiria asubuhi na Syokau mgongoni, na kila kilo anayoongeza huiongezea mgongo ule ule.

Basi Makau akampangia zile nyepesi juu ya kaunta. Mukonyo akazijaribu moja moja kwa namna yake. Alifungua kwanza vipande vinene vya miguu, akaviacha vile vyembamba vya chini, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotetemeka. Akakandamiza juu kwa kiganja kuona kama mguu utateleza kwenye klipu yake. Kisha akafunga kamera yake mwenyewe, akaigusa kwa ncha ya kidole, akatazama kwenye kioo chake picha inatetemeka kwa muda gani. Ya kwanza ilitetemeka kama uji kwenye kikombe cha mtu anayetembea. Ya pili shingo yake ilikuwa ya plastiki, akaisukuma kando. Ya tatu ilitikisika kidogo ikatulia. Chini ya nguzo yake ya katikati ilikuwa na ndoano ya kuning'iniza mzigo.

"Hii nguzo nikiiinua inayumba," akasema.

"Usiiinue basi. Nguzo ya katikati ni kama mgeni mlevi, muache chini alipokaa," Makau akajibu. "Na ukining'iniza begi, hakikisha linagusa chini. Likibembea, stendi inabembea nalo."

"Na upepo ukiangusha?"

"Hapo itakuwa umeangusha kamera, dada. Mimi nauza stendi."

Wale wawili wakacheka. Syokau naye alikuwa amenyoosha mkono akakamata mguu mmoja wa stendi, na kiatu cha mpira cha mguu huo kikawa tayari kinywani mwake. Makau akasema mteja mwenyewe ashaamua.

Jumapili iliyofuata stendi hiyo ilikwenda Woodley. Aliyemwita Mukonyo ni Ivyne, mama kijana aliyekuwa akimbatizisha mtoto wake wa kwanza. Kwenye simu Ivyne alikuwa amesema mambo mengi, lakini la muhimu lilikuwa moja. Mumewe, Lenox, kesho yake angepanda ndege kwenda Doha kazini, na haikujulikana angerudi lini. Mama yake Ivyne mwenyewe, Nasimiyu, aliyekuja kutoka Kimilili kwa ubatizo, angepanda basi la kurudi jioni hiyo hiyo.

"Nataka picha moja tu," Ivyne alikuwa amesema. "Mama, Lenox, mimi na mtoto. Hizo zingine ni za kupamba."

Ibada ilirefuka, chakula nacho kikachelewa. Walipomaliza kula, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa za nyumba za baraza la jiji, na mawingu yalikuwa yakija kutoka upande wa Ngong. Uani, mbele ya ua wa miti ya kayaba, mwanga ulikuwa umelainika na kupungua. Kwa mwanga kama huo kamera hulazimika kufumbua jicho lake kwa muda mrefu, na mkono wa binadamu, hata uwe mtulivu vipi, hauwezi kuishika bila picha kuwa na ukungu. Mukonyo akaifungua stendi yake.

Tangu asubuhi alikuwa ameona jambo. Nasimiyu akiingia chumbani, Lenox anatoka. Lenox akipita uani, mama mkwe anakumbuka kitu jikoni. Mmoja alikula ndani, mwingine akala kando ya tangi la maji. Hawakusalimiana hata mara moja. Mukonyo alilishika lile jambo moyoni akahuzunika nalo. Aliona hapa pana ugomvi mkubwa, na kijana anakwenda mbali bila kusameheana na mama. Akajiambia kwamba picha inaweza kufanya kazi ambayo maneno yameshindwa.

Kwa hiyo alimkalisha Nasimiyu kwenye kiti, Ivyne na mtoto kando yake, kisha akaenda mwenyewe kwenye tangi. Akamshika Lenox mkono wa shati kwa utani, akamvuta kabla hajauliza, akamsimamisha nyuma ya kiti cha mama mkwe.

"Weka mkono begani kwa mama," akamwambia. "Hivyo tu, kidogo."

Sufuria zilizokuwa zikioshwa zikanyamaza. Lenox alikuwa amekauka, mkono umebaki hewani kama si wake. Nasimiyu aliinuka bila kugeuka, akajifunika kichwa kwa leso mpaka usoni, akaingia ndani. Lenox akarudi kinyumenyume hadi akagonga tangi.

Mzee Tobias, shemeji yake Nasimiyu, ndiye aliyekuja. Hakupaza sauti, na hilo likawa baya zaidi.

"Mama mtoto, kwenu mtu hushika mama mkwe?"

Mukonyo alihisi masikio yanawaka. Kwao Ukambani jambo hilo lipo, wanaliita nthoni, na nyanya yake alikuwa akiacha njia na kuingia shambani akimwona mkwe anakuja. Lakini yeye alikulia Kabiria, akadhani hayo yalibaki na nyanya. Heshima aliyoiona tangu asubuhi, iliyotunzwa kwa uangalifu vile, yeye ameisoma kuwa chuki. Aliomba msamaha. Tobias akasema msamaha umesikika, ila picha hiyo haitakuwepo.

Ivyne alikuwa bado kwenye kiti, machozi yakidondokea nguo nyeupe ya mtoto. Alisema Mukonyo aache tu. Apige moja na mama na nyingine na Lenox, atakuwa na mbili.

Mukonyo alisimama akiangalia stendi. Mbili. Aliinama sikioni mwa Ivyne akamweleza taratibu. Kamera isiposogea hata kwa upana wa unywele, anaweza kupiga mama akiwa upande huu na kiti kingine kitupu upande wa pili, mama akaingia ndani, Lenox akaja kukaa upande ule, kisha yeye Mukonyo akaziunganisha picha hizo kwenye simu zikawa moja. Hawatakutana. Ila Ivyne asiondoke hapo katikati, na mtu yeyote asiiguse stendi.

Tobias alikataa. Picha itatundikwa ukutani, akasema, na watu wa Kimilili watauliza Nasimiyu alikaa lini na mkwe wake. Ivyne akasema aulizwe mwenyewe. Mukonyo akaenda chini ya dirisha la jikoni, akasimulia tena yote bila kuinua macho.

"Mimi nikikaa, yeye atakuwa wapi?" sauti ya Nasimiyu ikauliza kutoka ndani.

"Nyuma ya tangi, mama. Haoni kitu."

"Na akikaa yeye?"

"Utakuwa humu, umefunga mlango."

"Basi anayekaa hapo wakati wote ni kamera. Sisi hatujakaa pamoja. Tobias, umesikia?" Tobias akakohoa. "Lakini mjukuu awe katikati."

Sasa yote yalikuwa kwenye miguu mitatu membamba ya alumini. Mvua ya wiki ile ilikuwa imelainisha udongo, na Mukonyo aliukandamiza kila mguu mpaka ukakataa kuzama zaidi. Aliipanua miguu akaishusha stendi, ile nguzo ya katikati akaiacha chini. Begi la nepi, lenye chupa ya chai ndani, alilitundika kwenye ndoano kwa leso, akaiachilia leso mpaka begi likakaa ardhini. Akafunga mipangilio ya kamera isijibadilishe yenyewe. Akaiambia ijipige baada ya kusubiri kidogo, ili kidole chake kisiitikise. Kwa kisigino alichora mstari kwenye udongo, akasema asiuvuke mtu. Syokau akampa Milcah, dadake Lenox.

Nasimiyu akatoka, akakaa, akashika magoti yake. Taa ndogo ya kamera ikapepesa, ikalia. Picha ya kwanza ikawa imeingia. Nasimiyu akarudi ndani, komeo likasikika.

Lenox alitoka nyuma ya tangi na kukaa upande ule mwingine. Wakati huo huo wingu likafunika kilichobaki cha jua. Uso wa Lenox ukawa kama wa mtu aliye ndani ya nyumba. Akimpiga hivyo, nusu ya picha itakuwa mchana na nusu jioni. Mukonyo akasema wangoje. Ivyne akauliza kama asogee. Asisogee. Mtoto alianza kujinyonganyonga, Ivyne akamtuliza bila kuinamisha kichwa.

Badala ya jua ukaja upepo. Ulipiga kayaba, ukapiga leso, na Mukonyo akaona mguu wa stendi ulio upande wa ua unataka kuinuka. Akapiga magoti, akalikandamiza begi kwa mikono yote miwili. Maneno ya wale wanaume wa dukani yakamrudia.

Syokau alimwona mama yake amepiga magoti. Kwake yeye, mama akipiga magoti na kuelekeza mikono chini, ni kwamba anamwita. Siku hizo ndipo alipokuwa akijifunza kutembea. Alijinyoosha kama samaki mikononi mwa Milcah, akashuka, akaja. Milcah alimfuata mpaka kwenye mstari akasita, akiogopa kuongeza kosa la pili. Mtoto mwenyewe mstari hakuujua. Alikuja akiyumba, mikono juu, amelenga mguu wa stendi kwa sababu ndio uliokuwa karibu wa kushika.

Mukonyo akiachilia begi, upepo unachukua kamera. Asipoachilia, mtoto anaichukua.

"Syokau," akaita kwa sauti ya kumbembeleza usingizi. "Huku, mama. Huku kwa mama." Akauchomoa mguu wake mmoja kutoka chini yake, akaulaza mbele ya stendi kama kizingiti. Mtoto alijikwaa hapo, akaangukia paja, akashika gauni. Mukonyo akambana kwa kiwiko, akamzungushia goti, mikono bado iko kwenye begi. Moyo ulikuwa ukimpiga hadi akaogopa stendi itausikia.

Wingu likapita. Kuta za nyumba ya jirani ziling'aa kwanza, kisha kayaba, kisha bega la Lenox.

"Kaka, tulia. Ivyne, nitazame mimi."

Aliondoa mkono mmoja, akaibonyeza kamera kama anayegusa jicho la mgonjwa, akaurudisha. Taa ikapepesa. Syokau akavuta pumzi ndefu, ile inayotangulia kilio, na kabla hajaitoa kamera ikalia.

Hakuna aliyepiga makofi. Lenox alirudi nyuma ya tangi. Mukonyo akakaa pale pale chini, mtoto akilia kifuani mwake, akazihamishia picha mbili kwenye simu. Akailaza moja juu ya nyingine na kufuta katikati kwa kidole, pole pole. Alikuwa akiutafuta ua wa kayaba. Kama stendi ilisogea, ungekatika hapo, tawi moja lingekuwa na vichwa viwili. Alifuata matawi kutoka kushoto hadi kulia. Kwenye bega la Ivyne palikuwa na jani moja lililojirudia. Akalifuta. Mengine yote yalishikana.

Alimpa Ivyne simu, na Ivyne akaipeleka jikoni. Mukonyo akamfuata hadi mlangoni. Tobias alitaka kuona kwanza, lakini Nasimiyu alikuwa ameshainyakua. Aliishika mbali na macho, kama watu wa umri wake wafanyavyo. Kwa macho alijipita mwenyewe upesi, akampita binti yake na mjukuu, akafika upande wa pili, macho yakatulia hapo.

Tangu Ivyne aolewe, Nasimiyu hakuwa amewahi kumtazama mkwe wake usoni. Alizijua hatua zake, kikohozi chake na nyayo za viatu vyake mlangoni.

"Ana kovu kwenye nyusi," akasema.

"Alianguka na baiskeli akiwa mdogo, mama," Ivyne akajibu.

"Na hamkuniambia." Akamsogelea Mukonyo, akauliza kama uso unaweza kuletwa karibu. Mukonyo akamwonyesha namna ya kupanua kwa vidole viwili. Nje, Lenox alikuwa akikunja viti na kuvipanga ukutani, mgongo wake ameuelekeza dirishani kama ilivyopasa. Nasimiyu aliendelea kutazama. Kioo cha simu kikafifia, kikazima, na yeye akabaki amekishika vile vile, akingoja.

Mukonyo akakigusa, kikawaka tena.