Mume Wangu Alimwita Mama Yake Muuza Maziwa

Sasa hivi, kabla sijashika kalamu, mwanangu amemkimbilia mama mmoja muuza viazi hapa mlangoni, akasimama mbele yake na kuinamisha kichwa. Kimya, shingo chini, anangoja. Yule mama akacheka, "Huyu mtoto kaumia shingo?" Hakujua. Mwanangu alikuwa anangoja kuguswa kichwani, maana ndivyo bibi yake alivyomfundisha kuwaamkia wazee. Nikaenda nikamgusa mimi. Akaniangalia, akasema, "Si wewe."

Mhariri, jina langu lifiche. Nina miaka ishirini na miwili, nimesoma mpaka darasa la nne tu, mkiona makosa nivumilieni. Naishi Karatu. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kulima mashamba ya watu huku, wakafariki mapema, na bibi yangu sikuwahi kumwona. Mume wangu ni Mmasai wa Endulen, karani katika ofisi fulani hapa. Mtoto tunaye mmoja, wa miaka minne. Nitamwita Nasieku, ingawa si jina lake.

Huyu karani wangu ana suti mbili za Kaunda na kitana kwenye mfuko wa shati. Akiongea na watu wa ofisini hutoa sauti ya mtangazaji wa redio, hata kama anaomba chumvi. Amewaambia kazaliwa Arusha mjini. Mwanaume aliyekunywa maziwa ya kibuyu mpaka akaota ndevu, leo akisikia harufu ya kibuyu anafungua dirisha! Mtoto akiinamisha kichwa anamfokea, "Acha hayo! Sema shikamoo kama watu!"

Mama mkwe alikuwa anakuja kila mwezi. Kwao ni ndani ya hifadhi ya wanyama, hawaruhusiwi kulima, mahindi yanatoka huku, kwa hiyo lori halikosi, naye alikuwa anapanda likiwa linarudi tupu. Anashuka na kibuyu chake, mgongo unamuuma, na kabla hajakaa Nasieku kichwa kimeshainama. "Kokoo!" Ndivyo anavyomwita bibi. Kokoo anaweka kiganja pale juu, anakiacha muda mrefu. Mimi nilikuwa nasimama mlango wa jikoni nawatazama kama mjinga. Siku moja akaniona. "Na wewe njoo, mtoto wangu." Niliinama, wasomaji. Sikuwahi kushikwa hivyo na mtu mzima tangu mama afe.

Basi siku bosi wa mume wangu alipokuja kunywa chai, Kokoo naye akaingia, na vumbi lote la barabarani. Bosi akauliza, "Na huyu mama?" Mume wangu hakuwaza hata kidogo. "Ah, bosi, mama wa maziwa huyo." Akanigeukia, "Mpokelee maziwa yake kule nyuma."

Mama wa maziwa! Nikaliweka birika chini bila kummiminia bosi. Kokoo Kiswahili chake ni kidogo, lakini hilo alilisikia vizuri. Akamwangalia mwanawe kuanzia viatu mpaka kitana. Akasema taratibu, "Bwana, maziwa yameisha." Akageuka na kibuyu chake kimejaa. Nilimkimbilia mpaka barabarani, naita, "Mama! Mama, rudi!" Akasema, "Wewe sina neno na wewe." Hajaja tena, na huu ni mwezi wa saba.

Wiki iliyopita shemeji yangu alikuja mnadani kuuza mbuzi, akaniletea maneno ya baba mkwe. Macho ya Kokoo yanakwenda. Ng'ombe aliokuwa anawajua kwa rangi tangu wako mbali, sasa anauliza, "Huyu ni yupi?" Mzee kasema uso bado anauona, ukisogezwa karibu. "Mleteni mtoto sasa. Mkichelewa atamshika tu, hatamwona."

Nikamweleza mume wangu wakati anapiga pasi suruali. Akasema, "Kule inzi wengi, mtoto ataambukizwa macho." Nikasema nitamwosha uso kila mara, maji nitachemsha. Akafikiri kidogo. "Basi nitapeleka picha. Tutampiga studio, safi, na gauni jipya."

Picha! Mama anapofuka, mwanawe anampelekea picha! Na huyo ndiye msomi wa nyumba hii. Nikamuuliza, "Baba Nasieku, hiyo picha ataipapasa?" Akawa mkali, akasema mke wa darasa la nne hawezi kumfundisha yeye. "Ukitoka na mtoto kwenda kule, usirudi hapa."

Simchukii, wasomaji. Afadhali ningemchukia. Namdharau, na kumdharau mtu huku unamfulia kola ni kazi ngumu. Lakini tamaa sijakata. Siku ile bosi alipoondoka, nilimkuta kasimama dirishani anachungulia barabara mama yake alikopita. Aliponiona akajifanya anaua inzi. Kwa hiyo aibu anayo, ila haijamfika miguuni ikamtembeza.

Leo asubuhi ametoka kwenda kazini na suti yake, na mimi nimefunga nguo za mtoto ndani ya kanga. Lori la mahindi linapakia pale ghalani. Nishaurini, ninyi mlioolewa na watu wa namna hii. Nikimpeleka Nasieku bibi yake amwone, nikirudi nikakuta mlango umefungwa, nitagonga au nitaendelea na safari? Wengine mtasema ningoje mume alainike. Lakini barua hii mpaka mwichapishe, mpaka mnijibu, yale macho yatakuwa yamefika wapi? Jirani yangu kanikubalia kuitia posta vilevile itakavyokuwa. Ndiye huyo anaita sasa, "Mama Nasieku, dereva kawasha! Unakuja au huji?" Mnijibu hapahapa kwenye ukurasa, gazeti nitalitafuta hata nikiwa huko. Ila wale mtakaosema nisingekwenda, mjue tu kwamba mimi